Magazeti ya zamani na vita ya Mulele



Siku moja ku soko, mwenzetu alifungiwa karanga ndani ya karatasi ya manjano. Kuangalia vizuri, kumbe ni kipande cha gazeti la 1964, limeandika «Albertville» pale tunaita leo Kalemie. Siku ile njo tulianza kukusanya magazeti ya zamani.

Siye wengi tuko watoto na wajukuu wa ile vita. Mwaka 1964 Simba walikamata Uvira mwezi wa tano, Albertville mwezi wa sita, na Stanleyville, ni kusema Kisangani, mwanzo wa mwezi wa nane. Tarehe 24 Novemba, askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka Stanleyville toka ndege za Marekani. Ku Fizi na Baraka vita iliendelea mpaka 1965. Wazazi wetu wengi walivuka Tanganyika na mitumbwi.

Gazeti la wakati ule linatuambia nini? Linahesabu mateka wazungu, mara nyingi na majina na picha. Wakongomani waliokufa kwa maelfu wanapata mistari miwili, mitatu, bila jina. Njo maana hatulisomi peke yake. Tunalisoma mbele ya wazee, na maneno yao tunayaandika ku kaye, tarehe kwa tarehe. Mahali gazeti moja liliandika tu kama waasi wamefukuzwa, mzee mmoja alitutajia majina kumi na moja ya watu wa kijiji kile. Wote walikuwa walimaji.

Aliyekuwa na miaka 15 wakati ule amekwisha kupita 75. Karatasi inaoza, na mzee naye hatungojei.

Basi, kama uko na gazeti la zamani, usilibandike skoci, usilikunje tena, usiliache ku jua wala ku unyevu. Liweke wazi, bapa, katikati ya karatasi safi, mbali na mchwa. Usikate habari moja tu: tarehe na jina la gazeti viko juu ya ukurasa, na bila hivyo ushuhuda unapotea.

Hatutaki kukunyanganya. Tutapiga picha, tutakurudishia. Wafadhili, tunaomba sanduku la bati na makaye. Tulirudi ku udongo wetu. Turudishe na majina ya waliobaki njiani.