Sayyidna Abubakr: Moyo Laini Uliotiwa Nguvu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake, na Masahaba zake. Amma baad.

Enyi Waislamu, wako wengi kati yetu wanaoitwa kwenye jambo la kheri kisha wakarudi nyuma. Huyu huombwa asimamie mali ya mayatima, yule asomeshe watoto chuoni, mwengine aseme neno la haki mbele ya jamaa zake, na jawabu yao huwa moja: "Mimi ni nani hata niliweze hilo?" Leo tunataka tuitazame tarikh ya mtu aliyeijua khofu hiyo, naye ni Sayyidna Abubakr Siddiq (R.A.).

Mwaka wa 622 alihama Makka pamoja na Bwana Mtume (S.A.W.), wakajificha siku tatu katika pango la jabali Thaur, kusini ya mji. Maquraishi wakawafuata mpaka wakasimama juu ya pango. Sayyidna Abubakr akaingiwa na khofu, akasema kuwa lau mmoja wao angetazama chini ya nyayo zake, angewaona. Bwana Mtume hakumkaripia, wala hakumsifu kwa ushujaa. Alimtuliza kwa kumkumbusha kuwa hawakuwa wawili peke yao. Mwenyezi Mungu alikuwa pamoja nao. Habari hii imo katika Sura ya Tawba, aya ya 40. Tuzingatie basi: mwenye khofu hakuonyeshwa nguvu zake mwenyewe, bali alikumbushwa ni nani aliye pamoja naye.

Wala haikuwa kukaa bure na kungoja. Ngamia wawili walikuwa wamekwisha tayarishwa, na kiongozi wa njia amekwisha ajiriwa. Abdullah, mwana wa Abubakr, alileta habari za mjini usiku, na Amir bin Fuhayra alipitisha kondoo na mbuzi ili wapate maziwa. Mwenye kumtegemea Mola wake hutumia kwanza kile alichopewa.

Miaka kumi ikapita. Bwana Mtume alipokuwa mgonjwa, aliamrisha Abubakr asalishe watu. Bibi Aisha (R.A.) akamwombea baba yake udhuru: ni mtu wa moyo laini, akisimama mahali pale kilio kitamshinda, na watu hawatamsikia. Bwana Mtume akashikilia amri yake. Ulaini ule haukukanushwa, lakini haukukubaliwa kuwa udhuru.

Katika Rabiul Awwal ya mwaka wa 11 wa Hijra, yaani Juni 632, Bwana Mtume alifariki dunia. Sayyidna Umar, aliyekuwa mkali na shupavu, hakuweza kulipokea jambo hilo. Aliyesimama kuwatuliza watu ni yule mwenye kulia, akawakumbusha kuwa Muhammad ni Mtume aliyekufa kama walivyokufa Mitume wa kabla yake, na kwamba Mwenyezi Mungu yu hai, hafi. Lile alilolipokea pangoni, sasa yeye aliwapa wengine.

Alipopewa bai'a, aliwaambia watu waziwazi kuwa ametawalishwa juu yao na wala si mbora wao. Akifanya vyema wamsaidie, akipotoka wamnyooshe. Mara makabila mengi yakakataa kutoa Zaka, na mengine yakaritadi. Masahaba wakashauri jeshi la Usama bin Zayd, kijana mdogo, lisiende mipakani mwa Sham, Madina isije ikabaki bila ya walinzi. Akakataa kulirudisha jeshi lililotengenezwa na Bwana Mtume. Akalisindikiza kwa miguu, hali Usama yu juu ya kipando.

Kisha katika vita vya Yamama wakauawa wengi waliohifadhi Kurani. Sayyidna Umar akashauri ikusanywe pamoja, na Abubakr akasita kwanza, vipi afanye jambo ambalo Bwana Mtume hakulifanya, mpaka Mwenyezi Mungu akaukunjua moyo wake. Kazi akapewa Zayd bin Thabit, kijana pia, naye akaona kuwa kuhamisha jabali kungekuwa kwepesi kwake kuliko amana ile. Hata hivyo alianza. Akakusanya kidogo kidogo, kutoka makuti ya mitende, mawe bapa na vifua vya watu, hata kazi ikatimia. Misahafu iliyomo majumbani mwetu ina deni kwa kijana huyo aliyejiona hatoshi.

Sayyidna Abubakr alifariki mwaka wa 13 wa Hijra, yaani 634, baada ya kutawala miaka miwili na miezi michache tu.

Ndugu zetu, kujiona dhaifu si aibu, maana ndivyo tulivyo. Lakini kuna "siwezi" ya unyenyekevu, ambayo humfanya mtu aombe msaada wa Mola wake, atake shauri, akubali kunyooshwa, kisha asimame. Na kuna "siwezi" ya kukwepa, ambayo humwacha yatima bila ya msimamizi na mtoto bila ya mwalimu. Basi kila mmoja wetu aipime ya kwake kabla hajaitoa jawabu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azitie nguvu nyoyo zetu, na asituache na nafsi zetu hata kwa kupepesa jicho. Amin.