Klaviye yetu, Kiswahili yetu: mbio ya vidole inatoka wapi?



Kila mwaka, wakati wa kupeleka memwari ku fakilte, sekretariati ndogo ndogo za hapa Hewa Bora zinajaa watu. Mwanafunzi anakuja na karatasi zake, daktilo anapiga, malipo ni kwa ukurasa. Kuna daktilo anayepiga mbio sana, lakini ukurasa wake unarudi mara tatu kusahihishwa. Kuna mwingine anapiga pole pole, na ukurasa unatoka safi mara moja. Nani kati yao njo mwepesi? Swali inaonekana ndogo, lakini iko na historia ndefu, na kipande kimoja cha ile historia ni cha mji wetu.

Tuanze mbali kidogo. Mashini ya kuandika ya kwanza iliyouzwa kwa wingi ilitoka Marekani mwaka wa 1874. Aliyeibuni ni Christopher Sholes wa Milwaukee pamoja na wenzake, na waliotengeneza ni kampuni ya Remington. Ilikuwa inaandika herufi kubwa tu. Kwa miaka mingi watu walipiga huku wanatazama tushi, kila mtu na mtindo wake. Halafu tarehe 25 mwezi wa saba 1888, mjini Cincinnati, kulikuwa mashindano. Frank McGurrin, mwandishi wa tribinali kutoka Salt Lake City, alikuwa ameshika kichwani fasi ya kila herufi. Alipiga bila kutazama mikono. Mpinzani wake, Louis Traub, alitazama. McGurrin alishinda. Tangu siku ile mafunzo ya daktilo yakachukua njia yake: kila kidole na tushi zake, macho ku karatasi.

Huku kwetu mashini zilikuja na Wabeleji. Elisabethville ilianzishwa mwaka wa 1910, na mji wa shaba ni mji wa karatasi pia: orodha ya wafanyakazi, barua, mishahara, ripoti. Mwafrika aliyesoma alikuwa komi ku biro, na mashini yake ilikuwa na klaviye ya AZERTY, ile ya Wafaransa na Wabeleji. Hakuna aliyeifanya kwa kufikiria Kiswahili. Tunaipigia Kiswahili mpaka leo.

Angalieni vizuri. Kiswahili inapenda herufi A kupita zote, lakini ku AZERTY A iko juu kabisa, pembeni ya kushoto, kazi ya kidole kidogo, kile dhaifu. W iko chini kabisa, pembeni ile ile, kidole kile kile. Kwa hiyo ukiandika «watu», «wana», «kwa», kidole kidogo kinaruka kutoka mstari wa chini mpaka wa juu, peke yake, bila msaada. Njo fasi makosa yanazaliwa. Sasa andika vile tunasema Lubumbashi: «batu», «bana». B inapigwa na kidole cha kuonyesha, A na kidole kidogo, na kila kimoja kinajitayarisha wakati mwenzake anapiga. Wenye kucheka Kiswahili yetu wajue: ku AZERTY inapita mbio kuliko ile ya vitabu!

Tena, ku klaviye hii tarakimu za juu zinataka ushike tushi ya herufi kubwa, na nukta vilevile. Ukitaka kuandika «1965» na nukta, mikono miwili inafanya kazi. Basi usijilaumu kama mwaka na bei zinakuchelewesha.

Halafu vuka Kasumbalesa. Zambia iliandikiwa na Waingereza, klaviye yake ni QWERTY. Ordinatere nyingi za okazioni zinazofika kwetu ziko hivyo. Mtu aliyezoea AZERTY akipiga «kwa» bila kutazama, inatoka «kzq». Akipiga «mama», inatoka «;q;q». Ule si ujinga. Vidole vyake vinakumbuka vizuri kabisa. Ni mpaka wa wakoloni umepita katikati ya mikono yake.

Sasa nifike ku ile inanigusa zaidi. Mwaka wa 1965, kabla Elisabethville haijaitwa Lubumbashi, chama cha waliokuwa maboyi katika nyumba za Wazungu kilitaka historia ya mji iandikwe na wao wenyewe. André Yav aliitunga, kwa Kiswahili ya hapa, na ikapigwa kwa mashini. Jina lake, kwa Kifaransa, ni «Vocabulaire» ya mji wa Elisabethville. Inaeleza Wazungu, kazi, na mateso, kwa macho ya wale waliopika na kufua. Mwanaantropolojia Johannes Fabian aliichapisha kama kitabu mwaka wa 1990. Lakini kuisoma ilikuwa kazi. Maneno yalikuwa yamekatwa au kuunganishwa bila desturi moja, nukta hazikukaa fasi tunazozingojea. Ilifaa Kalundi Mango, anayekijua Kiswahili hii, aisome kwa sauti, ndipo maneno yakasikika tena.

Mtu anaweza kusema: daktilo mbaya. Mimi sikubali. Kosa ni kosa mbele ya sheria, na Kiswahili ya Katanga haikuwa na sheria ya kuandikwa. Masomoni, karatasi za biro zilikuwa Kifaransa, vitabu vilikuwa Kiswahili bora. Ile ya nyumbani ilikuwa ya mdomo. Yule aliyekaa mbele ya mashini alipaswa kuamua kila neno upya.

Na hapa kuna siri ya mbio. Daktilo mzoefu hapigi herufi moja moja. Vidole vyake vinakumbuka neno zima, kama miguu inavyokumbuka njia ya kurudi nyumbani. Ukiandika leo «banatuambia», kesho «ba natu ambia», keshokutwa «wanatuambiya», vidole haviwezi kushika kitu. Wengi wetu tunapiga Kifaransa mbio na Kiswahili pole pole, tena tunafikiri Kiswahili njo nzito. Hapana. Hatujachagua namna moja.

Kwa hiyo, mwenye kutaka kuendelea, nashauri hivi. Chagua uandishi wako na usiubadilishe. Weka vidole ku QSDF na JKLM. Tushi za F na J ziko na alama ndogo ya kugusa, ili usitazame. Funika mikono na kitambaa. Dakika kumi na tano kila siku zinapita saa tatu za siku ya posho. Piga pole pole mpaka ukurasa utoke bila kosa, ndipo uongeze. Kidole kinashika kosa sawa kinavyoshika ukweli. Na usihesabu maneno, hesabu mapigo. Kipimo cha kawaida kinachukua mapigo matano kuwa neno moja, na «tutakapokutana» peke yake ni mapigo kumi na nne.

Kwa nini kujisumbua, wakati telefone inaandika yenyewe? Kwa sababu telefone zetu nyingi zinageuza Kiswahili yetu kuwa Kifaransa bila kutuuliza. Na kwa sababu wazee wa Gécamines na wa reli wangali wanasema, jioni, mbele ya nyumba zao, Kiswahili ile ile ya Yav. Anayesema anapita mbio kila daktilo. Wale maboyi wa 1965 walipata mashini moja na mtu wa kuipiga, na leo tunawasikia. Sisi wenye diplome, tena na ordinatere nyumbani, tumeandika mzee gani?