Jaji aliyewahukumu walipuaji wa Nairobi na Dar es Salaam

Kila ifikapo Agosti 7, jamaa za marehemu hukumbuka mabomu ya mwaka 1998 yaliyoua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Leonard B. Sand, jaji wa New York aliyeisikiliza kesi ya mabomu hayo, hatajwi sana huku kwetu, na hiyo si haki.

Sand alizaliwa Bronx mwaka 1928, akasomea sheria Harvard. Rais Jimmy Carter alimteua jaji wa mahakama ya shirikisho mwaka 1978. Wamarekani humkumbuka kwa kesi ya Yonkers, mji uliorundika nyumba za umma upande mmoja ili weusi na weupe wasichangamane. Mwaka 1988 madiwani walipokaidi amri yake, aliutoza mji faini iliyoanzia dola 100 na kuongezeka maradufu kila siku, hadi wakasalimu amri.

Katika kesi yetu ya mabomu, mvutano mkubwa ulihusu fomu. Mohamed al-'Owhali, aliyefika kwenye ubalozi wa Marekani Nairobi ndani ya lori la bomu na kunusurika, alikamatwa Agosti 12. Makachero wa FBI walimpa karatasi ya haki zake. Ilisema kwamba kwa kuwa hawako Marekani, hawawezi kumhakikishia wakili kabla ya mahojiano. Baadaye alikiri.

Mawakili wake walitaka maungamo hayo yatupwe. Serikali ikajibu kwamba mgeni anayehojiwa ugenini hana kinga ya Katiba ya Marekani. Sand aliikataa hoja hiyo: ukimshtaki mtu Marekani, Katiba inamlinda hata kama alihojiwa Nairobi. Mwanzoni aliyakataa maungamo yote. Waendesha mashtaka wakarudi na ushahidi kwamba Agosti 22 mwenzao alimweleza al-'Owhali haki zake kwa mdomo, ipasavyo, naye akakubali kusema kwa sharti ashtakiwe Marekani, si Kenya. Sand akalipima upya suala hilo. Akapokea yaliyosemwa kuanzia siku hiyo na kuyatupa ya kabla yake.

Mei 29, 2001 washtakiwa wote wanne walitiwa hatiani, akiwemo Mtanzania Khalfan Khamis Mohamed. Jopo la raia halikuafikiana juu ya adhabu ya kifo kwa Mohamed na al-'Owhali, na Oktoba 18 Sand akawafunga wote wanne maisha. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ilithibitisha hatia ya al-'Owhali. Sand alifariki mwaka 2016.

Waathirika wengi wa Kenya na Tanzania bado wanahangaikia fidia, na deni hilo halifutwi na kifungo cha mtu yeyote. Lakini haki waliyoipata mahakamani ilisimama kwa sababu jaji hakukubali njia ya mkato, hata damu ya watu 224 ilipokuwa ikidai hukumu ya haraka. Vyuo vyetu vya sheria viifundishe kesi hii, kwa maana maiti waliozikwa ni wetu.