Ualimu Pasipo Elimu

Elimu ya Msingi kwa Wote, yaani UPE, ilianza mwaka 1977. Walimu walitakiwa upesi, hivyo vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu huku wakifundisha vijijini. Sisi wa chuoni Kinampanda, Iramba, tuliifasiri UPE kuwa “Ualimu Pasipo Elimu”, tukacheka.

Muhula wa kwanza nilijiona nimeiva. Daftari la saikolojia nililikariri lote. Kwenye mazoezi ya kufundisha mtoto akauliza: kwa nini tatu kugawanya kwa nusu ni sita? Nikajibu ndiyo kanuni. Mwalimu wa UPE aliyeketi nyuma akaleta mabua matatu ya mtama, akayakata nusu nusu, akamwambia ahesabu.

Nami nilihesabu, kimyakimya.