Betri ya gari la safari: Isichaguliwe kwa ukubwa wa kasha

GARI linalokwenda hifadhini na kugeuka malazi ya familia kwa siku mbili au tatu halitumii umeme kama lile la kwenda kazini na kurudi. Jokofu hufanya kazi usiku kucha, taa huwaka hemani, simu na kamera huchajiwa, na yote hayo hufanyika injini ikiwa imezimwa.

Wenye magari wengi hutegemea betri ileile inayowasha injini. Matokeo yake huonekana alfajiri, ufunguo unapozungushwa na injini ikakaa kimya. Ndani ya hifadhi kama Ruaha au Tsavo, ambako kushuka na kulisukuma gari ni kujiweka mbele ya wanyama wakali, hilo si usumbufu tu bali ni hatari.

Dawa ya tatizo hilo ni betri ya pili. Hata hivyo, betri hiyo nayo hufa mapema ikiwa imechaguliwa vibaya au haijazwi chaji ipasavyo.

Betri mbili, kazi mbili

Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na kanuni yake haijabadilika. Betri ya volti 12 ina seli sita, kila seli ikitoa takriban volti 2.1.

Betri ya kuwashia injini ina mabamba mengi membamba ya risasi. Imeundwa kutoa mamia ya ampea kwa sekunde chache, kisha altaneta huirudishia chaji mara moja. Ikikamuliwa polepole hadi kuisha, mabamba hayo huchakaa upesi, na marudio machache ya namna hiyo yanatosha kuiua.

Betri ya matumizi ya muda mrefu, ambayo madukani hujulikana zaidi kama betri ya sola, ina mabamba mazito. Haina nguvu kubwa ya ghafla, lakini huvumilia kutumiwa na kujazwa mara nyingi.

Kwa sababu hiyo, mnunuzi asitosheke na kutaja N70 au N100 kaunta. Namba hizo humweleza muuzaji ukubwa wa betri, wala hazisemi betri imeundwa kwa kazi gani. Aidha, jina la "betri kavu" lisimdanganye mtu, kwani baadhi yake ni betri za kuwashia injini zilizozibwa tu, na zina asidi ndani.

Kwa gari la safari kuna aina tatu za kufikiriwa. Ya kwanza ni betri ya maji, ambayo ni nafuu lakini huhitaji kukaguliwa na kuongezwa maji yaliyotoneshwa. Ya pili ni betri iliyozibwa ya AGM, ambayo asidi yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo. Hiyo haimwagiki kirahisi na huvumilia mitikisiko ya barabara mbovu. Ya tatu ni betri ya lithiamu na fosfeti ya chuma, ambayo ni nyepesi na hudumu muda mrefu zaidi, ila bei yake ya kununulia huwa juu.

Hesabu kabla ya kununua

Uwezo wa betri hupimwa kwa ampea-saa. Chukua mfano wa jokofu dogo la volti 12 linalovuta ampea 4 na kufanya kazi nusu ya muda. Kwa saa 24 litatumia ampea-saa 48. Taa za LED zenye jumla ya wati 10 zikiwashwa kwa saa tano hutumia takriban ampea-saa 4, na kuchaji simu na kompyuta ndogo huongeza kama 5. Jumla ni ampea-saa 57 kwa siku.

Betri ya risasi haifai kutumiwa chini ya nusu ya uwezo wake, kwa kuwa kila inapozama zaidi ndivyo umri wake unavyofupika. Hivyo, mahitaji ya ampea-saa 57 yanadai betri ya takriban 120. Betri ya lithiamu inaweza kutumiwa hadi asilimia 80 bila madhara makubwa, na ya ampea-saa 100 itatosha na kubakiza akiba.

Kipimo rahisi cha hali ya betri ya risasi ni voltimita. Betri iliyopumzika kwa saa kadhaa ikionyesha volti 12.7, imejaa. Ikionyesha 12.2, imefika nusu na yafaa ichajiwe. Ikishuka chini ya 11.9, imekaribia kuisha.

Chaji isiyokamilika huua betri

Jambo linalosahaulika zaidi ni kwamba betri ya risasi hupokea chaji haraka hadi kufikia kama asilimia 80, lakini sehemu iliyobaki huchukua saa nyingi. Kwa hiyo mwendo wa saa moja au mbili kutoka lango la hifadhi hadi kambini hauijazi betri iliyotumika usiku mzima.

Betri inayoachwa bila kujaa hujenga fuwele ngumu za salfeti ya risasi juu ya mabamba. Fuwele hizo hupunguza uwezo wake kidogo kidogo, hadi betri mpya ya msimu mmoja inaonekana kuukuu.

Hapo ndipo paneli za sola zinapohitajika. Paneli ya wati 100, kwa jua kamili la saa tano na baada ya kuondoa upotevu wa njiani, hutoa takriban wati-saa 350, sawa na ampea-saa 29. Mtumiaji wa ampea-saa 57 atahitaji paneli mbili za namna hiyo, zisizofunikwa na kivuli cha mti.

Kidhibiti chaji kipangwe kulingana na aina ya betri. Betri nyingi za maji na za AGM hujazwa kwa volti 14.4 hadi 14.8, kisha hushikiliwa kwenye 13.5 hivi. Betri ya jeli huhitaji volti za chini kidogo. Maelekezo ya mtengenezaji ndiyo ya kufuatwa, na katika joto kali volti hupunguzwa, kwani joto huharakisha kuchakaa kwa betri.

Kati ya betri mbili huwekwa swichi ya kutenganisha, ili jokofu lisiibe chaji ya kuwashia injini. Kwa magari mapya ambayo altaneta yake hushusha volti yenyewe, na kwa betri za lithiamu, ni vema kuweka chaja maalumu kati ya altaneta na betri ya pili. Waya uwe mnene, na fyuzi iwekwe karibu na kila betri. Waya mwembamba hupoteza volti, na usio na fyuzi unaweza kuliteketeza gari.

Tahadhari na betri zilizokufa

Betri ya maji inapochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni, ambayo hulipuka ikifikia asilimia 4 tu ya hewa. Ichajiwe penye hewa ya kutosha, mbali na sigara na jiko. Asidi ikiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji mengi safi kwa dakika zisizopungua 15, kisha mgonjwa apelekwe hospitali.

Risasi nayo ni sumu, hasa kwa watoto. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kiliwasababishia wakazi madhara ya risasi. Phyllis Omido, aliyeongoza harakati za kukipinga, alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni za Kenya.

Hivyo betri iliyokufa isipasuliwe uani wala asidi yake isimwagwe mtaroni. Irudishwe kwa muuzaji au mkusanyaji mwenye kibali. Na betri inayojazwa kikamilifu baada ya kila safari hukawia kufika huko, hivyo mwenye gari huokoa fedha na mazingira hupata nafuu.