Kifafa: Ugonjwa Unaotibika kwa Dozi Isiyokatizwa

Kifafa ni ugonjwa sugu wa ubongo usioambukiza, unaotokana na hitilafu ya ghafla katika mawasiliano ya umeme baina ya seli za ubongo. Mgonjwa huweza kuanguka na kukakamaa, au kuduwaa kwa sekunde chache bila kujua kinachoendelea. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, na karibu asilimia 80 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo linakadiria kuwa hadi asilimia 70 ya wagonjwa wangeishi bila kuanguka endapo wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo.

Fundisho la Mahenge

Nchini Tanzania, historia ya tiba ya kifafa ina uhusiano wa karibu na Mahenge, wilayani Ulanga, mkoani Morogoro. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha huko kliniki ya kifafa baada ya kukuta wagonjwa wengi wasiopata dawa. Wengi waliishi kwa kutengwa na kula katika vyombo vya peke yao, kwa imani kuwa mate na povu la mgonjwa huambukiza. Imani hiyo ilizidisha madhara, kwani mgonjwa aliyeangukia motoni aliogopwa kuguswa. Vidonge vya fenobabitoni, dawa ya bei nafuu, viliwapunguzia wengi kuanguka, na baadhi yao wakarejea katika kazi za shamba na maisha ya familia.

Visababishi

Kifafa huweza kutokana na matatizo wakati wa kujifungua, malaria kali, homa ya uti wa mgongo, ajali za kichwa, kiharusi au minyoo ya tegu inayoingia kwenye ubongo. Wapo pia wasiojulikana chanzo cha ugonjwa wao. Mahenge, tafiti zimeonesha uhusiano kati ya kifafa na usubi, ugonjwa unaoenezwa na nzi weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji yaendayo kasi. Kwa sababu hiyo, kumeza kingatiba ya usubi kila inapogawiwa ni sehemu ya kuwakinga watoto wa maeneo hayo dhidi ya kifafa.

Kwa nini dozi hukatizwa

Dawa za kifafa hudhibiti degedege. Haziondoi ugonjwa kwa siku chache. Mgonjwa anayekaa miezi kadhaa bila kuanguka hujiona amepona na kuacha vidonge. Degedege zikirudi, mara nyingine kwa mfululizo unaohatarisha maisha, familia huona dawa ya hospitali imeshindwa na kumpeleka mgonjwa kwa mganga wa kienyeji. Wengine huacha kwa kukosa nauli, kwa dawa kuisha katika zahanati ya karibu, au kwa usingizi na uchovu unaoletwa na dawa.

Matatizo hayo yote yafikishwe kwa mtoa huduma, ambaye anaweza kubadili dawa au kiwango chake. Uamuzi wa kuacha ni wa daktari, kwa kawaida baada ya miaka miwili au zaidi bila degedege, na dawa hupunguzwa kidogo kidogo. Mwanamke anayetarajia kupata ujauzito amwone daktari mapema, kwa kuwa baadhi ya dawa, hususan valproeti, zinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Huduma ya kwanza

Mtu anapoanguka, aondolewe mara moja kwenye moto, maji au barabara. Alegezewe nguo shingoni, awekewe kitu laini chini ya kichwa na alazwe ubavu. Asishikwe kwa nguvu wala kuwekewa kijiko, kidole au dawa mdomoni. Povu lake haliambukizi. Degedege ikizidi dakika tano, au ikijirudia kabla hajapata fahamu, apelekwe haraka katika kituo cha huduma za afya.

Mtoto mwenye kifafa anastahili kusoma, na mtu mzima anaweza kufanya kazi na kuwa na familia. Hata hivyo, mgonjwa ambaye bado anaanguka hapaswi kuendesha chombo cha moto, kupanda juu ya miti au kuogelea peke yake, na mahali anapopikia panapaswa kuwa na mtu wa kumwangalia.