Kwa nini kadi ya picha hulala kifudifudi

Leo tuache kodi kidogo, tufungue keisi. Ukifungua kompyuta ya kusimama, hasa ile uliyoiunda mwenyewe, utaona jambo ambalo wengi hatulitilii maanani. Kadi ya picha imelala kifudifudi. Chipu yake, mapezi yake ya kupoza joto na feni zake zote zinatazama chini, na mgongo mtupu ndio unaotazama juu. Hewa ya moto hupanda juu, hilo hata mtoto anayepepea jiko la makaa analijua. Sasa ni nani huyo aliyeamua kwamba kitu chenye joto kuliko vyote ndani ya keisi kitazame sakafu?

Jibu ni kwamba hakuna aliyeamua. Watu mbalimbali waliamua mambo mengine, kila mmoja kwa sababu nzuri ya wakati wake, na matokeo ya yote kwa pamoja ndiyo hayo tunayoyafunga kwa skrubu leo. Hali ni hiyo hiyo kwa mipangilio ya feni unayoikuta kwenye BIOS.

Kilichonifanya niandike ni mdogo wangu. Yeye yuko Mombasa, anahariri video za harusi, na mwaka huu ameunda kompyuta yake ya kwanza. Kadi ya picha ameinunua kwa mkopo wa chama. Kadi ikichemka kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe, na video inayopaswa kuwa tayari Jumatatu inakuwa tayari Jumatano. Bibi harusi hangoji, na chama hakingoji. Aliniuliza maswali mawili tu: aiweke kadi kwenye sloti ipi, na feni azipange vipi. Kwa simu nilimjibu kwa sentensi mbili. Hapa ni jibu refu.

Tuanzie Agosti 1981, IBM ilipotoa ile PC yake ya kwanza, iliyoundwa na timu ya Boca Raton, Florida. Prosesa yake, Intel 8088 ya megahezi 4.77, haikuwa na feni wala hata kipande cha alumini juu yake. Feni ilikuwa moja tu katika mashine nzima, ndani ya pawa saplai ya wati 63.5, na kazi yake ilikuwa kuvuta hewa ya ndani na kuitoa nyuma. Hakukuwa na cha kupanga. Ukiwasha mashine, feni inazunguka kwa nguvu zote mpaka uzime.

Sloti zilikuwa tano, na hizo zilijaa haraka sana. Kadi ya monita ilichukua moja, kadi ya diski nyororo ya pili, na kila kitu kingine (kumbukumbu ya ziada, modemu, printa) kilidai yake. Kwa hiyo XT ya mwaka 1983 ilikuja na sloti nane, zikiwa zimesogezwa karibu zaidi: kutoka inchi moja kati ya sloti na sloti hadi takriban inchi 0.8. Shika kipimo hicho. Ndicho kilekile kilichomo ndani ya keisi yako leo, milimita 20.32, zaidi ya miaka arobaini baadaye. Tunaposema kadi ya kisasa ni ya "sloti mbili" au "sloti tatu", tunaipima kwa rula ya IBM ya 1983.

Jambo jingine la XT, ambalo mimi hulipenda sana: sloti ya nane, ile iliyo karibu kabisa na pawa saplai, haikuwa sawa na wenzake. Kadi iliyokaa pale ilitakiwa kutoa ishara ya ziada ya kusema "ni mimi niliyeitwa", na kadi nyingi hazikujua kufanya hivyo. Kadi ya IBM ya mawasiliano ilikuwa na jampa maalumu ya kuiwezesha kukaa hapo. Kwa hiyo mjadala wa "kadi hii niiweke sloti ipi" haukuanza na vijana wa kucheza gemu. Ulikuwepo tangu mwanzo.

Angalia sasa zile kompyuta zilivyokaa. Zililala mezani na monita juu yake. Bodi mama ililala chini kama mkeka na kadi zikasimama wima kama vitabu kwenye rafu. Kadi ikisimama wima, haijalishi vipande vyake viko upande gani, joto litapanda katikati ya kadi na kadi na feni ya nyuma italivuta. Kisha watu wakaanza kuisimamisha kompyuta yenyewe ili meza ibaki wazi. IBM ilitoa PS/2 Model 60 na Model 80 za kusimama mwaka 1987, na waunda kompyuta wengine wengi wakafuata mtindo huo. Ukichukua rafu ya vitabu ukailaza ubavu, vitabu vinalala. Hapo ndipo swali la "upande gani unatazama juu" lilipozaliwa, ila wakati huo halikumsumbua mtu, kwa sababu kadi hazikuwa na joto la kutisha.

Kilichowasumbua watu miaka ile kilikuwa IRQ. Kwa wasioijua: kadi ikitaka kuzungumza na prosesa hubisha hodi, na kila mbishaji alipewa mlango wake. PC ya kwanza ilikuwa na milango minane kwa jumla. Saa ilichukua namba 0, kibodi 1, mawasiliano 3 na 4, diski nyororo 6, printa 7. Mtu akinunua kadi ya sauti ya Sound Blaster, iliyotolewa na Creative ya Singapore mwaka 1989, ilibidi atafute mlango usio na mwenyewe na kuuchagua kwa jampa, kile kijipande cha plastiki kidogo kuliko punje ya mchele. Wawili wakigombea mlango mmoja, mashine inaganda. Kuhamisha kadi kutoka sloti moja hadi nyingine hakukusaidia chochote, maana namba ilikaa kwenye kadi, si kwenye sloti.

PCI, iliyotolewa na Intel mwaka 1992, iliigeuza hali hiyo. Jampa zikaondoka. Kila sloti ikapata nyaya nne za kubisha hodi, na nyaya hizo zikazungushwa kutoka sloti hadi sloti ili kadi, ambazo nyingi hutumia waya wa kwanza tu, zisirundikane mlango mmoja. Ni wazo zuri, lakini lilileta ushirikina wake: sasa kuhamisha kadi kulisaidia kweli! Sauti inakwaruza? Toa kadi ya sauti, iweke sloti ya tatu. Mafundi walifanya hivyo bila kujua sababu, na ikafanya kazi. Ukipata fundi wa zamani anayekwambia "usiweke kitu kwenye sloti iliyo chini tu ya kadi ya picha", usimcheke. Kwenye bodi nyingi za zama za AGP, kuanzia 1997, sloti hizo mbili zilitumia mlango mmoja.

Ila zawadi kubwa ya PCI kwa mada yetu ni nyingine, na haina uhusiano na umeme. Mwaka 1992 kila mtu bado alikuwa na kadi za zamani za ISA. Ili bodi iwe na aina zote mbili bila kupoteza nafasi, wabunifu waliweka vipande vya kadi ya PCI upande wa pili, kinyume na ISA. Kwa njia hiyo sloti ya PCI na sloti ya ISA ziliweza kutumia tundu moja la nyuma ya keisi. Unachagua kuweka hii au ile. Ni ujanja wa kubana nafasi. Matokeo yake, ukisimamisha keisi, kadi ya ISA ilitazama juu na kadi ya PCI ikatazama chini. AGP ikafuata PCI. PCI Express, iliyofika madukani mwaka 2004, ikafuata pia. ISA ilishatoweka kwenye kompyuta za kawaida, lakini kadi ya mdogo wangu bado inainamisha uso kwa heshima yake.

Prosesa nazo zilikuwa zimeanza kuchemka. Pentium ya kwanza, Machi 1993, ilifikia wati 16 hivi, na ghafla feni ndogo juu ya prosesa ikawa jambo la kawaida. Intel ilipochora mpangilio mpya wa bodi na keisi mwaka 1995, ule uitwao ATX, iliweka prosesa karibu na pawa saplai kwa makusudi. Na hapa kuna jambo la kuchekesha: katika ATX ya mwanzo feni ya pawa saplai ilitakiwa kuvuta hewa ya nje na kuipuliza NDANI, juu ya prosesa. Walidhani feni moja itafanya kazi ya mbili, na vumbi litapungua kwa kuwa keisi itajaa hewa. Tatizo ni kwamba hewa hiyo hupita kwanza kwenye pawa saplai, ikapashwa moto, ndipo ifike kwa prosesa. Ni sawa na kumpepea mgonjwa wa homa kwa hewa ya jikoni. Feni ikageuzwa, ikarudi kutoa hewa nje kama mwaka 1981.

Kadi za picha zilibaki. Mwanzoni mwa 2003 Nvidia ilianza kuuza GeForce FX 5800 Ultra, ambayo kipoza joto chake kiliziba sloti ya jirani, kikavuta hewa kutoka nyuma ya keisi na kuirudisha hukohuko. Kelele yake ilikuwa maarufu kuliko kasi yake, na Nvidia wenyewe walitengeneza video ya kujikejeli. Watu walicheka, lakini kadi kubwa za sloti mbili zikawa jambo la kawaida na hazijaondoka.

Mwaka 2004 Intel ilijaribu kurekebisha yote kwa mpango mmoja ulioitwa BTX. Prosesa za Pentium 4 za Prescott zilikuwa zimepita wati 100, na ATX ilikuwa imezidiwa. BTX iliweka feni kubwa mbele ya keisi, ikapuliza hewa baridi moja kwa moja juu ya prosesa, na bodi ikageuzwa ili kadi ya picha itazame juu, ndani ya upepo huo huo. Kwa maoni yangu ndio mpangilio pekee wa kompyuta za kawaida uliokuwa na akili kuhusu joto. Kama umewahi kufungua Dell OptiPlex GX620 au 745 ya kusimama, zile zilizokuja kwa wingi zikiwa mitumba, umeiona: feni nene mbele na kofia ya plastiki juu ya prosesa. Lakini Julai 2006 Intel ikatoa Core 2 Duo ya wati 65, dharura ikaisha, na mwaka huohuo ikaachana na BTX. Tukabaki na ATX, na kadi ikabaki kifudifudi.

Kitu kimoja cha mwaka 2004 kilidumu: pini ya nne ya feni. Feni za zamani zina waya tatu, wa ardhi, wa volti 12, na wa kuripoti kasi. Kuipunguza mwendo ni lazima uipunguzie volti, na ukizidisha inasimama kabisa. Waya wa nne unaiacha ipate volti 12 zote, kisha unaituma amri ya kasi kwa mapigo 25,000 kwa sekunde, kasi ambayo sikio la binadamu haliisikii. Ndiyo maana BIOS inakuuliza "DC" au "PWM". Feni ya pini tatu chagua DC, ya pini nne chagua PWM. Ukiiweka ya pini tatu kwenye PWM itazunguka kwa nguvu zote siku nzima, nawe utadhani imeharibika.

Kwa hiyo nilimwambia mdogo wangu aweke kadi kwenye sloti ndefu ya juu, kwa sababu kwenye bodi yake hiyo ndiyo imeungwa na prosesa moja kwa moja kwa njia 16. Ile ndefu ya chini ina njia nne tu na inapitia chipseti. Kadi yake ya kunasa video ikae chini kabisa, ili zile feni zinazotazama sakafu zipate pa kuvutia hewa. Feni mbili za mbele ziingize hewa, moja ya nyuma itoe.

Kisha kuna kiwango cha chini cha feni za keisi, ambacho watu wengi hukiacha kama kilivyokuja. Bodi nyingi huzipangia feni hizo mwendo kwa kutazama joto la prosesa. Video ikichakatwa na kadi ya picha, prosesa inapumzika, bodi inaona baridi, feni zinalegea, na kadi inaungua peke yake huko chini. Bodi bado inaamini, kama ilivyoamini mwaka 1995, kwamba moto uko kwa prosesa. Alipandisha kiwango hicho mpaka kelele ikaanza kumkera, akarudi nyuma hatua moja.

Aliniomba pia nimtumie mipangilio ya mashine yangu ya Nairobi ainakili tu. Nilikataa. Chumba chake kina joto zaidi ya changu kwa nyuzi nane hivi, na nyuzi hizo zinajumlishwa karibu zote kwenye joto la kadi. Kwa upande mwingine, Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja ya sita. Feni zetu mbili zikizunguka kasi moja zinasukuma ujazo uleule, ila yake inasukuma hewa nzito zaidi, na ya moto zaidi, na yenye chumvi. Sasa anaandika joto la kadi kwenye karatasi kila baada ya nusu saa wakati wa kazi, na ameshabadilisha mstari wa feni mara tatu. Harusi ya kwanza ni Jumamosi.